Pafu limepona, mbona ubavu bado unaungua usiku?

Swali: Daktari, mimi ni mwanamume wa miaka 52, mfanyabiashara wa nafaka katika soko la Tororo. Wiki 11 zilizopita nilipasuliwa huko Kampala, nikaondolewa sehemu ya juu ya pafu la kulia, kwa sababu kifua kikuu nilichougua zamani kiliacha shimo, shimo likaota kuvu, nami nikawa nakohoa damu. Sasa damu imekoma na homa sina. Lakini ubavu unaungua kama uliomwagiwa maji ya moto, shati likinigusa naruka, na chini ya chuchu pamekufa ganzi. Usiku sipati usingizi zaidi ya muda wa saa mbili au tatu. Nimekuwa nikinunua diazepamu dukani, kwanza kidonge kimoja, sasa viwili, kila usiku kwa wiki 5, pamoja na tramadoli niliyopewa hospitalini. Mke wangu anasema nimekuwa mtu mwingine: sizungumzi, sokoni siendi, watoto wananikwepa. Muuguzi alinitajia mofini nikakataa, kwa kuwa kaka yangu alipewa dawa hiyo, akafa. Je, upasuaji uliharibika? Nitabaki hivi?

Jibu: Ndugu yangu, pole kwa maumivu, na pole pia kwa mama watoto, ambaye bila shaka anakesha pamoja nawe. Kwa uliyoyaeleza, sioni dalili kwamba upasuaji uliharibika. Damu imekoma, homa huna, na hukutaja kikohozi kipya wala kuishiwa pumzi. Maumivu unayoyaeleza hayatoki kwenye pafu. Yanatoka kwenye mshipa wa fahamu uliojeruhiwa njiani kuelekea kwenye pafu, nao una tiba yake, ambayo kwa maelezo yako inaonekana hujapewa bado. Hayo nitayaeleza kwa kirefu, lakini kwanza lipo jambo lisiloweza kungoja.

Diazepamu na tramadoli zote mbili hupunguza msukumo ambao ubongo hutuma ili mtu aendelee kuvuta pumzi akiwa usingizini, na zikikutana katika mwili mmoja hatari huwa kubwa kuliko ya kila moja peke yake. Kwa mtu aliyeondolewa sehemu ya pafu, nafasi ya kufanya makosa ni ndogo. Waragi ikiongezwa juu yake, hata glasi moja, nafasi hiyo hupungua zaidi. Kwa hiyo usifike kwenye kidonge cha tatu kwa sababu yoyote, na pombe iache kabisa kwa sasa. Hata hivyo, usizitupe dawa hizo leo kwa hofu ya maneno yangu. Mwili uliozoea diazepamu kila usiku kwa wiki 5, ukinyimwa ghafla, huweza kutetemeka, kukosa usingizi kuliko mwanzo, na hata kupata degedege, na tramadoli nayo ina tabia ya kusogeza degedege karibu. Ndani ya siku mbili hizi chukua pakiti zote mbili, uende kwa daktari au tabibu, umwambie bila kuficha kiasi unachomeza, ili akupangie namna ya kupunguza kidogo kidogo na akuambie kipi kianze kuondoka. Ikiwa ulipewa dawa ya kuvu, au unatumia dawa za kupunguza makali ya virusi au dawa za kifua kikuu, zitaje pia, kwa maana kadhaa kati ya hizo hubadilisha jinsi mwili unavyoziondoa dawa za usingizi na za maumivu. Mkeo naye ajue hili: akikuamsha usiku ukawa huamki, au pumzi yako ikawa inakatika na kukaa muda mrefu kabla ya kurudi, hiyo ni safari ya hospitali usiku huohuo, si ya asubuhi.

Sikulaumu wewe kwa kununua vidonge hivyo, na hata muuza dawa simlaumu sana. Lawama yangu iko kwetu sisi wa hospitalini, ambao humpa mgonjwa ruhusa ya kwenda nyumbani akiwa na pakiti ya vidonge na tarehe ya kurudi, tukamwambia asinyanyue mizigo, lakini tusimwambie neno hata moja juu ya usiku.

Sasa tuje kwenye ubavu wenyewe. Ili kulifikia pafu, daktari mpasuaji hupita katikati ya mbavu mbili, akazitanua kwa chombo cha chuma, na kifua kikawa wazi kwa muda wa saa kadhaa. Palipowahi kuwa na kifua kikuu kazi huwa ndefu zaidi, kwa sababu mara nyingi pafu huwa limegandamana na ukuta wa kifua, nalo lazima libanduliwe polepole. Chini ya ukingo wa kila ubavu unapita mshipa wa fahamu unaoanzia kwenye uti wa mgongo na kuzunguka mpaka mbele ya kifua, mfano wa mkanda. Mshipa huo hubanwa na kile chombo, huvutwa mbavu zinapotanuliwa, huweza kukazwa na nyuzi wakati wa kufunga, na mpira wa kutolea maji na hewa huweza kuukandamiza kwa siku zote unapokuwa ndani. Ndiyo maana kovu lako liko mgongoni na chini ya kwapa, ilhali moto unauhisi mbele, chini ya chuchu: pale ndipo mshipa unapoishia, nao ubongo hudhani habari zote zinatoka mwishoni mwa njia. Ganzi na moto kuwa mahali pamoja kusikushangaze. Mshipa uliojeruhiwa hushindwa kupeleka habari za kweli, na wakati huohuo hupeleka za uongo, hata mguso wa shati ukafika kichwani ukiwa umegeuka kuwa mkato wa wembe.

Hali hii hutokea sana. Tafiti za nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba kati ya robo na nusu ya watu waliopasuliwa kifua kwa kupita mbavuni huendelea kuhisi maumivu ya namna fulani miezi kadhaa baadaye, ingawa wanaobaki na maumivu makali ni wachache zaidi. Mifupa na misuli huunga katika wiki 6 hadi 8 hivi, lakini mshipa wa fahamu unapokua upya husogea kwa takriban milimita 1 tu kwa siku, na kutoka mgongoni hadi kifuani ni safari ya miezi mingi. Kwa hiyo wiki 11 bado ni mapema, na siwezi kusema kwamba utabaki hivi. Ninaloweza kusema ni kwamba kungoja tu bila tiba inayolenga mshipa si busara, kwa sababu maumivu yanayoachwa kwa muda mrefu huufundisha ubongo kuyatarajia.

Kuhusu mofini, naomba unisikilize kwa utulivu, maana naijua hofu hiyo. Huja nayo karibu kila familia niliyozungumza nayo wodini. Yaelekea kaka yako hakufa kwa mofini. Kwa kawaida mtu hupewa mofini kwa sababu ana ugonjwa mkubwa wenye maumivu, na ugonjwa huo ndio unaomchukua, lakini kwa kuwa chupa huja mwishoni, chupa ndiyo inayokumbukwa. Nchi yetu imekuwa mfano kwa Afrika katika jambo hili: Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, mofini ya maji ikaanza kutengenezwa hapa nchini, na tangu mwaka 2004 sheria inawaruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuiandika, ndiyo maana ulitajiwa na muuguzi na si na profesa. Katika wiki za kwanza baada ya kupasuliwa ingekusaidia kukohoa, kutembea na kulala. Hata hivyo sitakuambia uikimbilie leo. Kwa maumivu ya mshipa yaliyofika wiki ya 11, tena kwa mtu anayemeza diazepamu, mofini si dawa ya kwanza kufikiriwa. Daktari wako akiona inafaa, atakupa kipimo chako pamoja na dawa ya kulainisha choo, kwa sababu mofini hufunga choo karibu kila mtu. Usiazime ya jirani: hutiwa rangi kutofautisha nguvu zake, na chupa mbili zinazofanana umbo huweza kutofautiana mara nyingi kwa nguvu.

Dawa ninayotaka umuulize daktari ni amitriptilini. Kwa kipimo kidogo, kinywewe muda wa saa moja au mbili kabla ya kulala, hutuliza mshipa wa fahamu na pia huleta usingizi, hivyo kidonge kimoja hushika kazi mbili. Vidonge vinavyopatikana kwa wingi kwetu ni vya miligramu 25, na madaktari wengi huanza na nusu kidonge, kisha wakapandisha polepole. Haitaonyesha nguvu zake kamili usiku wa kwanza. Ipe wiki mbili au zaidi kabla ya kuihukumu. Hukausha kinywa, huweza kufunga choo na kuleta kizunguzungu unapoinuka, na haimfai kila mtu: mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye presha ya macho, au mwanamume ambaye tezi dume inamzuia kukojoa vizuri, sharti aseme kwanza. Wala isichanganywe na tramadoli bila daktari kujua. Jirani akisoma jina lake na kukuambia kwamba ni dawa ya wendawazimu, mjibu kwamba hutumika kwa ugonjwa wa huzuni kwa kipimo kikubwa, na kwa mishipa kwa kipimo kidogo, kama vile panga moja hukata ndizi na pia hufyeka nyasi. Ikishindikana, zipo gabapentini na pregabalini, ambazo hugharimu zaidi na nazo hulevya kidogo, kwa hiyo tahadhari ileile ya pumzi inazihusu.

Parasetamoli usiidharau. Watu huimeza maumivu yanapofika kileleni, kisha wakasema haifanyi kazi. Inayofanya kazi ni ile inayofuata saa: kwa mtu mzima mwenye uzito wa kilo 50 au zaidi na ini lisilo na shida, gramu 1 kila baada ya saa sita, isizidi gramu 4 kwa siku, na dozi ya mwisho ipangwe karibu na kulala. Angalia dawa za mafua, kwa kuwa nyingi zimechanganywa na parasetamoli ileile. Diklofenaki na ibuprofeni sikushauri ujinunulie, kwa ajili ya tumbo, figo na presha.

Yapo pia mambo yasiyo dawa ambayo yana nguvu kuliko yanavyoonekana. Ngozi inayoruka kwa mguso hufundishwa upya kwa mguso: kila siku, kwa dakika tano mara mbili au tatu, pitisha kitambaa laini cha pamba juu ya mahali hapo, na baada ya siku kadhaa uhamie kwenye taulo. Shati la ndani livae nje-ndani ili mishono isikukwaruze. Mkono wa kulia usiufiche ukiwa umeubana mbavuni, kama wanavyofanya wengi, kwa sababu bega likikaa wiki nyingi bila kuinuliwa huganda, ukapata maumivu ya pili juu ya yale ya kwanza. Simama mbele ya ukuta, utembeze vidole juu polepole mpaka unapoweza, kila siku uvuke alama ya jana. Unapokohoa, bana mto juu ya kovu. Na kila siku utembee, hata kama ni kutoka nyumbani mpaka barabarani na kurudi, kwa kuwa sehemu mbili zilizobaki za pafu lako la kulia hutanuka kuijaza nafasi iliyoachwa, na hutanuka kwa kutumiwa. Moshi wa kuni na wa sigara ukae mbali nawe.

Juu ya usingizi wenyewe sitasema mengi, kwani sehemu kubwa ya tiba yake ni yale niliyokwisha kuyasema. Inua sehemu ya juu ya mwili kwa mito miwili au mitatu, au weka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani, na ukumbatie mto chini ya mkono wa kulia ili ubavu usivutwe. Nimewaona wagonjwa waliowahi kukohoa damu ambao hawaogopi maumivu kama wanavyoogopa kulala chali gizani. Ikiwa nawe umo katika kundi hilo, mwambie mkeo, maana hofu isiyotajwa humkesha mtu kuliko kidonda. Amka wakati uleule kila asubuhi hata kama ulilala vibaya, mchana usisinzie zaidi ya nusu saa, na chai ya rangi au kahawa ikome adhuhuri. Ukikaa macho kitandani kwa muda unaokaribia nusu saa, ondoka, uketi mahali pengine penye mwanga hafifu, uvute pumzi kwa pua huku ukihesabu mbili na kuitoa kwa midomo iliyobanwa huku ukihesabu nne, mpaka kope ziwe nzito ndipo urudi.

Sasa nije kwenye lile ulilolitaja kwa maneno machache kuliko yote, nalo ndilo linalonishughulisha zaidi: kunyamaza, kutokwenda sokoni, watoto kukukwepa. Maumivu huvunja usingizi, usingizi uliovunjika huyafanya maumivu ya kesho kuwa makali zaidi, na mtu asiyelala huku akiumia kwa wiki nyingi moyo wake huzama. Diazepamu nayo hukaa mwilini kwa siku kadhaa na huweza kuuzamisha zaidi. Jiulize mambo mawili: katika wiki mbili zilizopita, je, siku nyingi umekuwa na huzuni au kukata tamaa? Na je, mambo uliyoyapenda yameacha kukupa raha? Ukijibu ndiyo kwa lolote kati ya hayo, huenda ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, ambao hupimwa na kutibiwa kama mwingine. Wenzetu Waganda wana maneno mawili ninayoyapenda kwa usahihi wake: okwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubagiza, yaani kujihurumia mno. Watafiti walipofanya kazi vijijini Masaka na Rakai mwaka 2002 waliyachukua maneno hayo kuwa kipimo chao, kisha wakawaweka waliougua katika vikundi vilivyokutana kwa dakika 90 kila wiki, kwa wiki 16, vikiongozwa na wenyeji waliofundishwa, bila kidonge. Mwishoni ni asilimia 6.5 tu ya waliokaa katika vikundi waliobaki na sonona, ilhali kwa wasiokaa walibaki asilimia 54.7.

Nakueleza hayo kwa sababu mojawapo ya mambo yaliyozungumzwa katika vikundi hivyo ni badiliko la nafasi ya mtu katika maisha, na hapo nakuona wewe. Ulikuwa ukinyanyua magunia, sasa unanyanyuliwa. Ulikuwa ukilipa karo. Sasa ndugu wanachangishana nauli ya kliniki. Usingoje moyo upone ndipo urudi sokoni. Rudi kidogo kidogo, na moyo utafuata: wiki hii nenda kwa muda wa saa moja, keti, shika daftari na mizani, kijana anyanyue magunia, wiki ijayo iwe saa mbili. Magunia yenyewe yangoje ruhusa ya daktari mpasuaji. Hilo lisipotosha, zipo dawa kama fluoksetini, ambazo huchukua wiki 4 hadi 6 kuonyesha nguvu zake kamili na hazipatani na tramadoli, kwa hiyo daktari achague moja. Hospitali ya rufaa ya Mbale, takriban kilomita 45 kutoka kwako, ina wataalamu wa afya ya akili. Huna haja ya kusafiri mpaka Butabika, hospitali kuu ya magonjwa ya akili iliyoko Kampala.

Na ikiwa mawazo yako yamefika mahali pa kutamani usiwepo, mwambie mkeo leo, na uende hospitali leo. Dawa za kunyunyizia mimea na za kuhifadhia nafaka, ambazo mfanyabiashara wa nafaka hakosi, pamoja na vile vidonge, zihamishiwe kwa mtu mwingine. Siulizi kama utazitumia. Nasema zihamishwe.

Mambo mengine yanayokutaka urudi hospitali mara moja ni haya: kukohoa damu tena, homa, pumzi kukatika ghafla, kukohoa maji mengi hasa unapolala upande mmoja, usaha kwenye kovu, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au maumivu yaliyokuwa yakipungua kugeuka na kuanza kupanda. Mengi ya hayo hayana uhusiano wowote na mshipa wa fahamu.

Kesho uanze kuandika katika daftari lako la mauzo mambo manne ya kila siku: maumivu ya asubuhi na ya usiku kwa namba kati ya 0 na 10, muda uliolala, dawa ulizomeza na wakati wake, na ulitembea mpaka wapi. Usiahirishe ile safari ya siku mbili kwa ajili ya daftari. Lipeleke likiwa na kurasa mbili, na likiwa na kurasa saba lipeleke tena. Omba pia wingi wa damu upimwe, kwa kuwa uliipoteza kwa muda mrefu na upungufu wake huchosha mwili na roho. Mkeo aingie nawe chumbani mwa daktari, kwa sababu hilo la kwamba watoto wanakukwepa hukuliona wewe, aliliona yeye.